Kabla ya Kununua Magurudumu Mapya, Pima Siti

Mwanamichezo anayejifua kwenye lami ya Mtwara hadi Mikindani akiishiwa nguvu, hulaumu pumzi au baiskeli. Aanze na siti. Urefu wake ndio unaoamua goti likunjike kiasi gani kila pedeli inapozunguka, na kwa mizunguko 90 kwa dakika, kosa dogo hujirudia mara 5,400 kwa saa.

Vua viatu, simama ukiegemea ukuta, bana kitabu cha jalada gumu kati ya mapaja na ukivute juu mpaka kigote mfupa, kama unavyokaliwa na siti. Pima toka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu, kisha zidisha kwa 0.883. Mwenye sentimita 82 anapata 72.4: ndio umbali toka katikati ya ekseli ya kranki (mkono unaobeba pedeli) hadi juu ya siti, ukifuata bomba lake. Kanuni nyingine, ya mwaka 1967, huchukua asilimia 109 ya kile kipimo cha sakafuni hadi kitabu, ila huanzia kwenye ekseli ya pedeli ikiwa chini. Kwa huyo wa sentimita 82 mwenye kranki ya milimita 170, zote hukutana palepale. Kranki ya 165? Pandisha siti milimita 5.

Kanuni hazijui unene wa soli yako wala urefu wa paja, kwa hiyo hakikisha kwa simu. Bandika plasta upande wa nje wa nyonga, goti na kifundo cha mguu, upigwe picha kwa ubavu. Pedeli ikiwa chini, bila kukanyaga, goti likunjike nyuzi 25 hadi 35, mguu ulionyooka ukihesabiwa 0. Ukiwa mwendoni pembe huongezeka kidogo, usishtuke.

Maumivu mbele ya goti kwa kawaida ni siti ya chini: goti hukunjika mno na pia yake hugandamizwa. Maumivu nyuma ya goti, au nyonga kuyumba kushoto na kulia, ni siti ya juu. Rekebisha milimita 3 hadi 5 tu, uendeshe siku kadhaa kabla ya kugusa tena spana.

Upepo ndio mpinzani wa pili. Kutoka kilomita 30 kwa saa hadi 36, nguvu ya kuipasua hewa tulivu huongezeka kwa takriban asilimia 73. Ukitoka Lindi kuja Mtwara miezi ya kusi, kunja viwiko na ushushe kichwa. Ukipanda Newala mwendo ni mdogo na hewa si kitu. Shika usukani juu, nyonga zifunguke.