Msimbo ni huria, logo je?

Vijana wanaotengeneza programu huria (zile ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza) hapa Goma wakinijia kutaka logo mpya, neno lao la kwanza karibu kila mara ni lilelile: "Mchoro hauna shida, leseni ya programu inaufunika." Haiufuniki. Nimelisema sana kwa mdomo, sasa naliandika.

Dhana: Leseni ya msimbo inatosha kwa logo.

Logo ina haki mbili juu yake. Moja ni ya aliyeichora. Nyingine ni ya alama, ile inayomjulisha mtumiaji kwamba programu imetoka kwa hawa, si kwa wale. Hata kwetu Kongo kila moja ina sheria yake: alama za biashara ziko katika sheria ya tarehe 7 Januari 1982, kazi za wasanii katika ile ya tarehe 5 Aprili 1986. Na leseni ya Apache 2.0, mojawapo ya leseni za programu huria, ambayo wengi wenu mnaibandika bila kuisoma, katika kifungu cha 6 inasema wazi kwamba haitoi ruhusa ya kutumia majina na alama za mwenye programu. Kisomeni, ni kifupi.

Anayedhani haya ni ya mawakili tu, atazame Debian, mradi unaosambaza mfumo huria wa kompyuta pamoja na programu zake, na Firefox, kivinjari cha intaneti cha Mozilla. Msimbo wa Firefox ulikuwa huria, mchoro wa logo haukuwa, basi Debian ikaisambaza bila mchoro huo. Mwaka 2006 Mozilla ikashikilia kwamba jina na logo haviachani, na kwamba mabadiliko ya Debian yapitie kwake kwanza. Debian ikaliacha jina, ikaiita Iceweasel, na ikabaki hivyo hadi 2016.

Mimi huwaelekeza wateja kwa Debian yenyewe, maana ina logo mbili: mzunguko mwekundu peke yake ni wa yeyote, wenye chupa umehifadhiwa kwa mambo rasmi ya mradi. Andikeni uamuzi wenu katika faili, kando ya leseni ya msimbo, kabla logo haijatoka. Na mchoraji aandike anakabidhi nini. Rafiki aliyewachorea bure jioni moja bado ndiye mwenye mchoro.

Dhana: Wote wapige kura, itakayoshinda ndiyo bora.

Pengwini aliye alama ya Linux, mfumo huria wa kompyuta, aliyechorwa na Larry Ewing mwaka 1996 kwa programu ya kuchorea ya GIMP, hakushinda mashindano ya logo aliyoingizwa. Wasikilizeni watu mwanzoni, kisha wawili au watatu waamue.

Dhana: Logo ionyeshe kazi ya programu.

VLC mnaitumia kila siku kutazama filamu. Koni ya barabarani iliyo logo yake ina uhusiano gani na video? Ilitokana na koni zilizokusanywa na wanafunzi wa École Centrale Paris. Ninyi mnaotaka kompyuta, ramani ya Kongo, volkano ya Nyiragongo na mikono inayoshikana ndani ya alama moja, chagueni kimoja.

Dhana: Picha iliyotumwa kwa WhatsApp inatosha.

WhatsApp huibana picha, ikapungua ubora. Leteni SVG, aina ya faili ambayo mchoro wake hukuzwa au hupunguzwa bila kuharibika, na ambayo programu ya kuchorea ya Inkscape huihifadhi bila kuombwa. Kisha ipunguzeni hadi pikseli 16 kwa 16, ukubwa wa alama ya kivinjari, na muijaribu kwa rangi nyeusi tupu, kwa sababu kwenye tisheti kila rangi inataka fremu yake ya kuchapia, na fundi atawatoza kila fremu.