Jiko halitoi moshi, lakini hewa si safi

Juzi nimeisikia tena. Kijana mmoja mwenye bidii alinionyesha jiko lake jipya la kuni, mwali umesimama wima, hakuna hata wingu jembamba juu ya sufuria. Akapitisha kiganja hewani: "Unaona, mama? Halitoi moshi kabisa. Hewa safi." Nimepima hewa ya majikoni kwa miaka mingi, na sentensi hiyo imenichosha. Kutoona moshi si kipimo cha hewa.

Tuanze na moshi wenyewe. Gogo haliwaki kama tunavyodhani. Joto hutoa maji kwanza, kisha kuanzia nyuzijoto 200 hivi mti unavunjika na kutoa gesi, na gesi hizo ndizo zinazotoa mwali. Zikikosa joto au hewa ya kutosha hutoka bila kuungua, zikapoa na kuwa vitone vya lami. Huo ndio moshi mweupe: ni kuni yako ileile, imepotea bila kukupa joto. Moshi mweusi ni masizi, nayo huzaliwa ndani ya mwali wenyewe. Kuni mbichi ni balaa, kwa sababu karibu nusu ya uzito wake ni maji. Chungulia ncha ya kigogo kibichi kikiwa motoni: povu linachemka, linachirizika, mvuke unapiga mluzi, na joto lote hilo linakwenda kuchemsha maji yaliyo ndani ya mti. Kausha kuni mpaka maji yashuke chini ya asilimia 20. Hapo hakuna ubishi, napita.

Ubishi uko kwenye jicho. Jicho halioni chembe, linaona mwanga ambao chembe zimeutawanya. Chembe ya nusu maikromita (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) hutawanya mwanga vizuri sana. Lakini zile ndogo zaidi, ukipunguza kipenyo chake kwa nusu, mwanga zinaoutawanya unapungua karibu mara 64. Kwa hiyo jiko likivunja moshi mzito kuwa chembe ndogondogo, kwa macho yako moshi "umeisha", kumbe chembe zimejaa tele. Ukibahatika utaona kivuli cha buluu hafifu dhidi ya ukuta mweusi, basi.

Na ndogo ndizo tunazoziogopa. Unywele wa binadamu una unene wa maikromita 50 hadi 70 hivi. Chembe tunazoziita PM2.5 hazizidi maikromita 2.5, na nyingi za moshi wa kuni hazifiki hata maikromita 1. Pua haizizuii, koo halizizuii, zinashuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka cha chembe hizo kutoka maikrogramu (sehemu za milioni za gramu) 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Chumba chenye maikrogramu 100, mara 20 ya hapo, ukisimama ndani yake utaapa kwamba hakina kitu.

Mkaa ni mbaya zaidi kwa udanganyifu. Makaa mekundu, yametulia, hayana mwali wala moshi, na yanamwaga kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Watu huingiza jiko la mkaa chumbani kwa sababu "moshi umekwisha", wanafunga mlango, wanalala. Wengine hawaamki. Naomba tuache kuliita hilo jiko lisilo na moshi.

Kupima hewa, mimi hutumia chujio. Ni duara jeupe la milimita 37. Nalipima kabla kwa mizani inayosoma maikrogramu, katika chumba ambacho joto na unyevu wake havibadiliki, kisha linakaa kifuani kwa mpishi kwa saa 24, na pampu ndogo inayovuta hewa kulipitia. Likirudi kutoka nyumba iliyosifiwa kwa hewa safi, mara nyingi ni la hudhurungi, na ukifunua kisahani chake harufu ya moshi inakupiga usoni.

Hata hivyo nakiri jambo ambalo vitabu vyetu hupita haraka. Chembe moja ya maikromita 1 ina uzito wa chembe 1,000 za sehemu ya kumi ya maikromita. Kwa hiyo mizani yangu nayo inazipuuza ndogo, zilezile ninazowaonya watu. Na vile vipimo vidogo vya mkononi vinavyotumia mwanga? Navyo ni jicho jingine tu, lina upofu uleule.

Kuna linaloniuma zaidi. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Malawi, wenye watoto zaidi ya 10,000 wa chini ya miaka mitano. Nyumba zilipewa majiko bora ya kuni yenye feni. Nimonia haikupungua. Wapo wanaosema majiko yaliharibika, wapo wanaotaja moshi wa taka na wa jirani. Naamini yote mawili yamo, lakini naamini pia kwamba kupunguza moshi nusu si kupunguza ugonjwa nusu. Huenda lazima tushuke karibu kabisa na hewa safi ndipo mapafu ya mtoto yapumue, na jiko la kuni linafika huko kwa shida sana.

Wengine watanijibu kwamba mti hukua tena na kufyonza hewaukaa yake. Hiyo ni hesabu ya tabianchi. Anayepuliza moto leo asubuhi ana mapafu ya leo asubuhi.

Nilimwomba yule kijana azime jiko, lipoe kabisa, aliwashe upya mbele ya kipimo. Majiko huonyeshwa watu yakiwa yamekolea, ilhali uchafu mwingi hutoka wakati wa kuwasha na wakati wa kufifia. Dakika za mwanzo namba zilipanda hadi akaacha kuongea. Kisha akauliza, "Mama, nikiwashia kutoka juu badala ya chini?" Mwanangu, hilo sasa ni swali. Atalileta jiko tena wiki ijayo, na chujio lake nimeshalipima.