Je, wajua kwa nini malkia wa opera alivaa kiatu kimoja?

Ilikuwa Boston, miaka ya 1880. Promota Mwingereza, James Henry Mapleson, alikuwa na pauni 800 mkononi, na mkataba ulidai 1,000. Mdai wake alikuwa Adelina Patti, soprano (mwimbaji wa kike wa sauti ya juu) aliyetamba kuliko wote enzi hizo, na usiku huo aimbe opera ya La Traviata.

Wakala wa Patti, Bwana Franchi, akazipokea zile 800 na kutoa masharti: Bibi atafika, atavaa gauni la Violetta, mhusika mkuu wa opera hiyo, atakuwa tayari kwa kila kitu isipokuwa viatu. Milango ikafunguliwa, watu wakalipa kiingilio, Mapleson akakusanya 160 na kuzituma nyuma ya jukwaa. Franchi akarudi uso umemchangamka: Bibi ameshavaa kiatu kimoja. Zimebaki 40. Zilipofika, mguu wa pili nao ukavalishwa.

Kisa hiki alikisimulia Mapleson mwenyewe katika kumbukumbu zake za mwaka 1888, na maneno ya promota kuhusu msanii aliyemtoa jasho ni ya kupokea kwa tahadhari. Lakini viwango vya malipo vinajulikana: dola 5,000 kwa usiku, yaani karibu zile pauni 1,000, tena kabla hajafungua kinywa. Rais wa Marekani wakati huo alilipwa dola 50,000 kwa mwaka. Patti alizipata kwa usiku kumi. Juu ya hapo, mkataba ulimruhusu asihudhurie mazoezi.

Kwa nini basi asisubiri onyesho liishe, kama mfanyakazi mwingine yeyote?

Wengi walimwita mroho. Mimi naona alikuwa ameshaumwa na nyoka, akawa anaogopa hata ung'ongo. Wazazi wake wote wawili walikuwa waimbaji wa Kiitalia. Alizaliwa Madrid mwaka 1843 wakiwa kazini huko, akakulia New York. Baba yake alijaribu kuendesha opera jijini humo, biashara ikamshinda. Binti hata miaka kumi hajatimiza, akaanza kusimamishwa mbele ya watu kuimba, na pesa yake ikawa inalisha nyumba. Mtoto aliyekua hivyo hahitaji kufundishwa maana ya ukumbi mtupu.

Na kumbi tupu hazikuwa hadithi. Opera ya Marekani haikuwa na serikali ya kuishika mkono. Promota alikopa, akakodi ukumbi, akalipa okestra, kwaya, mafundi na nauli za meli, kisha akaomba Mungu watu waje. Henry Abbey alifungua Metropolitan Opera House ya New York mwaka 1883, na msimu mmoja tu ukamwachia hasara ya mamia ya maelfu ya dola. Promota akifilisika, anayesubiri malipo ya mwisho wa onyesho ndiye anayeambulia patupu.

Ndiyo maana waimbaji walizipenda pia konserti za kawaida: piano, wenzao wachache, nyimbo zinazojulikana kutoka opera mbalimbali, basi. Hakuna mandhari ya kubeba wala kwaya ya kulisha. Patti alikuwa na wimbo wake wa kuongezea mwishoni, wa Kiingereza, unaosifu nyumbani, na watu walimwaga machozi kila mara. Hata hivyo naye aliteleza. Mwaka 1881 alirudi Marekani na konserti za kiingilio cha dola 10, watu wakakaa kwao. Ikabidi Abbey huyohuyo aitwe kusimamia ziara na bei ishushwe.

Kuna sababu nyingine, nayo ndiyo nzito. Leo msanii akilala, wimbo wake unaendelea kumwingizia hela. Sauti ya Patti ilikwisha pale pazia liliposhuka. Ukipata mafua, hakuna kipato. Koo likichakaa, hakuna kitu cha kuuza.

Mafundi wa kurekodi sauti kwa gramafoni walimfikia mwaka 1905 tu, nyumbani kwake Craig-y-Nos, kasri alilolinunua huko Wales. Alikuwa na miaka 62. Mpiga piano wake, Landon Ronald, alisimulia kwamba Patti alipochezewa sauti yake kwa mara ya kwanza alipiga ukelele kwa Kifaransa: Mungu wangu, sasa ndiyo naelewa kwa nini mimi ni Patti!