Maji ya masine hayana ladha? Usikimbilie magadi

Mama mmoja wa Uyole, Mbeya, alikuja maabara yetu ya kupima maji na chupa mbili za maji, moja ameiandika A nyingine B, akaziweka mezani hata kabla hajakaa akasema mwanangu, haya maji yangu yamekufa. Nikamuuliza yamekufaje mama. Akasema kijana wake amemnunulia masine ya kuchuja, ile ya kufunga chini ya sinki yenye filta nyingi na katanki kadogo, na tangu ifungwe kila akinywa anaona kama anakunywa kitu ambacho hakipo, anamaliza glasi nzima na kiu iko palepale. Chupa A ndio hayo ya masine. Chupa B ni hayohayo ila katia kipande kidogo cha magadi ya sokoni, ladha irudi.

Naandika haya kwa sababu hayuko peke yake. Mbeya mjini, Iringa, Njombe, masine hizi zimekuwa nyingi, alafu nyuma yake zimekuja chupa ndogo za matone ya madini, mtu anaambiwa maji yako hayana kitu, dondoshea matone matano upate madini yote ya mwili. Kuna ukweli ndani yake na kuna mengine yanaweza kuumiza mtu.

Tuanze na chupa A. Nilitumbukiza mita ikasoma 9, yaani miligramu 9 za vitu vilivyoyeyuka kwenye lita nzima, karibu na maji ya mvua. Masine ya aina ile inasukuma maji yapite kwenye utando wenye vitundu vidogo mno, ikatoa asilimia 95 na zaidi ya chumvi zote, nzuri na mbaya, haichagui. Sasa ulimi wako muda wote umelowa mate na mate yana chumvi zake, ulimi umeshayazoea kiasi kwamba huyasikii tena. Ukinywa maji yenye chumvi pungufu sana kuliko mate, ulimi unasikia ule upungufu, ndio watu wanasema maji bapa, mengine yana kauchungu kwa mbali. Kwa hiyo mama alikuwa sahihi kabisa, ulimi wake haukumdanganya.

Kinachofanya maji yawe matamu, kwa kiasi kikubwa, ni kalsiamu na magnesiamu zikiwa pamoja na bikaboneti, kwa kiasi cha wastani. Maji ya chemchemi zetu za milimani yanapita kwenye mawe ya volkano yakiwa na gesi ya kaboni dayoksaidi kutoka ardhini, hiyo gesi inayafanya yawe na ukali kidogo, ukali unamung'unya jiwe, ndio madini yanaingia. Gesi yenyewe huku kwetu ni nyingi mpaka Rungwe inachimbwa kwa ajili ya viwanda. Na ukitaka kuona kwa macho maji yanavyobeba madini nenda chemchemi za moto za Songwe, yale mawe ya pale yanayoitwa marumaru yamejengwa na maji yenyewe, yakitoka juu gesi inaruka na kalsiamu inabaki inaganda, tabaka juu ya tabaka. Ule ukoko mweupe ndani ya birika lako ni kitu hichohicho.

Madini yakizidi ladha inageuka. Shirika la Afya Duniani linasema maji yenye chini ya miligramu 600 kwa lita watu wengi wanayaona mazuri, yakipita 1,000 yanaanza kukataliwa. Na kila aina ya madini ina sauti yake mdomoni. Magnesiamu ni chungu, salfeti nayo chungu na ikizidi inaharisha, sodiamu na kloraidi unajua mwenyewe ni chumvi. Chuma kina ladha ya msumari, na ukipikia chai inakuwa nyeusi kama wino na shati jeupe linapata madoa ya njano, hapo hata miligramu 0.3 tu inatosha kuharibu nguo. Zinki ina ukakasi kama ndizi mbichi, wenye bati jipya wanaokinga mvua baadhi yao wanaujua. Wapenzi wa chai wa Mufindi na Tukuyu nao wanajua kwamba chai ileile ukiipikia maji magumu, yaani yenye kalsiamu nyingi, inafanya utando juu ya kikombe, ni kalsiamu imeshikana na rangi ya chai.

Sasa chupa B. Hapa ndipo nilipomshika mama mkono nikamwambia tafadhali usirudie. Magadi mengi yanatoka maziwa ya bonde la ufa na mengine yamebeba floraidi nyingi sana. Floraidi ndiyo inayotia meno madoa ya kahawia kwa watoto ambao meno bado yanajengeka, ikizidi zaidi na kwa miaka mingi inapinda mifupa, ndugu zetu wa Arusha na Kilimanjaro wanaijua vizuri. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita na huwezi kuionja, hata ikiwa mara kadhaa ya hapo maji yatakuwa matamu tu. Yaani masine imehangaika kuitoa floraidi, wewe unairudisha kwa mkono wako mwenyewe, na mjukuu anakunywa maji hayo kutwa. Maharage magumu kuiva yaloweke usiku kucha, lakini magadi kwenye maji ya kunywa hapana jamani.

Na matone? Mengi yametengenezwa kwa maji ya ziwa la chumvi au ya bahari yaliyoachwa yakauke mpaka chumvi ya kawaida ikatoka, kinachobaki zaidi ni magnesiamu kloraidi, ndio maana ukidondosha moja ulimini unakunja uso. Matone machache kwenye jagi yanaweza kurudisha ladha, sikatai. Ila usiyachukulie kama chakula. Tuseme umeongeza miligramu 40 za kalsiamu kwenye kila lita na unakunywa lita mbili, umepata 80, wakati mtu mzima anahitaji kama 1,000 kwa siku, na kikombe kimoja cha maziwa cha robo lita kina karibu 300. Magnesiamu iko kwenye maharage, karanga na unga wa dona. Mgonjwa wa figo asiguse hayo matone bila daktari wake, na maziwa ya kopo ya mtoto mchanga usiyaongezee chochote.

Kuna madini ya aina moja, ya kiasi kidogo mno, ambayo kweli nyanda hizi za juu kusini ziliyakosa, madini joto, yaani ayodini. Mvua za milimani zimeosha udongo miaka na miaka, mazao yakawa hayana. Wazee wa Makete na Njombe wanakumbuka rovu shingoni kwa watu wengi tu. Miaka ya 1980 watu waligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na miaka ya 1990 ndipo chumvi ikaanza kutiwa madini hayo. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, ya maisha yake yote hayajazi kijiko cha chai, lakini akiyakosa mama mjamzito mtoto anaathirika ubongo. Hayo usiyatafute kwenye maji, yako kwenye pakiti ya chumvi iliyoandikwa ina madini joto, ifunike na uitie chakula kikikaribia kuiva.

Tukarudi kwenye maji ya mama. Nilichomshauri ni rahisi, achemshe maji ya bomba yatokote kweli, yapoe, achanganye sehemu moja ya hayo na mbili za masine. Maji yaliyochemshwa nayo yanakuwa bapa kwa sababu hewa imetoka, yamimine kutoka jagi moja kwenda lingine mara tano sita hewa irudi. Au afunge filta ya mawe ya chokaa mwisho wa masine, maji yanapita yanachukua kalsiamu kidogo kidogo. Na kama ana mtungi, vile vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa Ziwa Nyasa, vinavyouzwa Matema, aweke humo, maji yanatoa jasho nje yanapoa bila friji, na maji ya baridi hata harufu ya klorini inapungua. Mtungi uoshwe, ufunikwe, na achote kwa kata yenye mpini, asizamishe kikombe.

Tulimmiminia vikombe vitatu, cha masine, cha bomba kilichochemshwa na cha kuchanganya, bila kumwambia kipi ni kipi. Alionja cha tatu akakimaliza.

Ukitaka kupima ya kwako, kwa floraidi lete nusu lita kwenye chupa ya plastiki, ya kioo hapana kwa sababu floraidi inashikana na kioo, isuuze mara tatu kwa maji hayohayo bila sabuni. Kwa vijidudu usilete chupa yako kabisa, njoo kwanza tukupe iliyotakaswa, ukishachota iwahishe maabara siku hiyohiyo ikiwa kwenye baridi.