Huhitaji wafuasi laki moja

Wengi huamini kwamba bila maelfu ya wafuasi, posti yako ni kelele za chura. Si kweli. Juni 2024 nchini Kenya, Mswada wa Fedha, yaani mapendekezo ya serikali ya kodi, haukupingwa na mastaa kwanza. Vijana wa kawaida waliusoma, wakaufafanua TikTok kwa Kiswahili na lugha za nyumbani: VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 kwenye mkate! Video ikifika grupu la familia WhatsApp, shangazi anauliza, "Hata mkate?" Wabunge nao simu zao zikafurika meseji. Juni 18, maandamano yakianza Nairobi, kodi ya mkate iliondolewa. Juni 25 waandamanaji waliuawa kwa risasi. Kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini mswada wote.