Je, wajua kwa nini kanuni ya kulenga kichwa huvuruga mapambano ya mezani?

Katika michezo ya kuigiza wahusika, ile inayochezwa mezani kwa dadu, karatasi na masimulizi, hufika wakati mchezaji mmoja akamwambia mwongoza mchezo: "Simpigi popote tu, namlenga jicho." Ombi hilo lina mantiki, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba mshale wa jichoni si sawa na mshale wa begani. Hata hivyo, Dungeons & Dragons, mchezo mashuhuri kuliko yote ya aina hii, hauna kanuni ya jumla inayomruhusu mshambuliaji kuchagua kiungo cha kupiga, na kwa sababu hiyo wachezaji wengi hujitungia ya kwao.

Ukimya huo una sababu. Mchezo huo, uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, hupima uhai wa mhusika kwa alama zinazopungua kila anapopigwa. Katika mwongozo wake wa mwaka 1979, Gygax alieleza kwamba alama hizo haziwakilishi nyama na damu peke yake, bali pia ustadi, bahati na uwezo wa kuponyoka pigo ambalo lingemuua mwingine. Raundi moja ya mapambano wakati huo ilihesabiwa kuwa dakika nzima, kwa hiyo mrusho mmoja wa dadu ulisimamia mapigo mengi ya kujaribu na kukinga. Kwa mtazamo huo, mpiganaji tayari anatafuta mwanya wa shingo au wa kichwa tangu mwanzo, na kazi ya dadu ni kusema kama ameupata.

Sasa tuitazame kanuni ambayo watu huitunga kwa haraka zaidi: anayelenga kichwa akatwe 5 kwenye dadu, lakini akipata, madhara yawe mara mbili. Tuseme shujaa ana nyongeza ya 5 kwenye mrusho wake, na kinga ya adui, yaani jumla ambayo mrusho huo lazima uifikie, ni 15. Kwa dadu ya pande 20 anahitaji 10 au zaidi, yaani uwezekano wa asilimia 55, na kama pigo lake huleta wastani wa madhara 8, kila shambulio lina thamani ya 4.4. Akilenga kichwa anahitaji 15 au zaidi, uwezekano unashuka hadi asilimia 30, lakini madhara yanakuwa 16, na thamani ya shambulio inapanda hadi 4.8. Makato yaliyoonekana makali yamemnufaisha. Mpaka wenyewe ni asilimia 50: kila mwenye uwezekano unaozidi hapo hupata faida kwa kulenga kichwa, na stadi mwenye asilimia 80 anatoka kwenye 6.4 hadi 8.8. Hapo hakuna tena uamuzi wa kufanya, kwa kuwa mashambulizi yote yataelekezwa kichwani. Na ukiongeza makato yawe 10, mizani inaangukia upande wa pili, maana hata mwenye uwezekano wa asilimia 95 hapati faida, na kanuni inabaki kwenye karatasi bila mtu wa kuitumia.

Ndiyo maana naamini kwamba kosa haliko kwenye ukubwa wa makato, bali kwenye kile kinachonunuliwa. Maadamu kulenga kiungo kunaleta madhara yale yale kwa wingi zaidi, hesabu itaamua badala ya mchezaji. Lengo maalumu linapaswa kuleta kitu cha aina nyingine. Mwongozo wa Dungeons & Dragons wa mwaka 2014 una mfano mzuri miongoni mwa kanuni zake za hiari: mshambuliaji anayetaka kumnyang'anya adui silaha hushindanisha mrusho wake na nguvu au wepesi wa adui huyo, na akishinda, silaha inaanguka lakini alama za uhai hazipungui hata moja. Kwa mwendo huo huo, pigo la mguu linaweza kupunguza kasi ya adui kwa nusu hadi mwisho wa zamu yake inayofuata, na mchanga wa machoni ukaharibu shambulio lake linalofuata. Mchezaji atachagua mguu pale tu adui anapokaribia kutoroka, na huo ndio uamuzi tunaoutaka.

Kuna michezo iliyojengwa juu ya viungo tangu msingi. GURPS, uliotolewa mwaka 1986, hutumia dadu tatu ambazo jumla yake haitakiwi kuzidi ustadi wa mhusika, na mwenye ustadi wa 12 hufanikiwa kwa takriban asilimia 74. Akilenga fuvu hukatwa 7 na kubaki na takriban asilimia 5.

Jambo linalosahaulika ni kwamba kanuni hukata pande zote mbili. Jini hupigwa kwa pambano moja na kuondoka, ilhali shujaa hushambuliwa mwaka mzima. Ikiwa kila shambulio dhidi yake lina uwezekano wa asilimia 5 wa kumkata kiungo, baada ya mashambulizi 20 uwezekano wa kuwa amekwisha kulemaa unafika takriban asilimia 64. Kwa hiyo ulemavu wa kudumu usiingizwe kabla wachezaji wote hawajaukubali kwa wahusika wao wenyewe.

Njia ninayoipenda zaidi ni kuviweka viungo ndani ya kiumbe badala ya kuviweka ndani ya kanuni. Katika toleo la 2014, haidra mwenye vichwa vitano hupoteza kichwa kimoja kila anapopata madhara 25 au zaidi katika zamu moja. Joka nalo laweza kupewa bawa lenye alama 40 za peke yake: zikiisha, haliruki tena, lakini alama hizo hazitolewi kwenye uhai wake, na kila pigo la bawani ni pigo ambalo kifua hakikulipata. Kiungo kitajwe kabla ya dadu kurushwa, na atakayekosa bawa asidai kwamba alipiga kifua.