Dawa za Wazee Wetu: Maswali Kuhusu Figo, Tezi na Ini

Nimekuwa nikiulizwa maswali haya na familia zinazoleta wazee kliniki ya presha na sukari hapa Kisumu. Nayajibu pamoja, maana mara nyingi mzee mmoja ana shida mbili tatu kati ya hizi.

Mama ana miaka 74. Dawa ya magoti ameimeza miaka mingi bila neno. Mbona sasa miguu inavimba?

Dawa ni ile ile. Mwili ndio uliobadilika. Kila figo huwa na vichujio vidogo vinavyokaribia milioni 1. Tangu miaka 40 hivi uwezo wa kuchuja hupungua polepole, na wengi wakifika 80 wamebaki na nusu au theluthi mbili ya nguvu za ujanani. Dawa nyingi zilizokuwa zikitoka upesi kwa mkojo sasa hukawia, na dozi ya leo huikuta ya jana bado imo.

Daiklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu zinazonunuliwa sana kwa magoti, zina lao jingine. Hupunguza damu inayofika kwenye figo na kuufanya mwili uzuie chumvi na maji. Hapo miguu huvimba, na presha hupanda ingawa dawa yake inamezwa vizuri. Hatari kubwa ni kwa mzee anayetumia pia dawa za presha kama enalaprili au losartani, na juu yake dawa ya kukojoza. Akishinda juani soko la Kibuye akiuza omena bila kunywa maji, au akiharisha siku mbili, figo zinaweza kushindwa kazi ghafla. Jambo hili linaniuma kuliko mengine yote, kwa sababu dawa hizi hununuliwa dukani bila mtu kuulizwa kama ana presha. Kwa magoti, anzeni na parasetamoli kwa kipimo, au jeli ya kuchua.

Lakini alipimwa kreatinini ikatoka sawa.

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli na kuchujwa na figo; ikipanda kwenye damu, figo zimelemewa. Mama aliyekonda ana misuli michache, basi kipimo kinaweza kuonekana kizuri huku figo zimechoka. Ombeni daktari akokotoe kasi ya kuchuja, akihesabu na umri.

Baba mkwe hununua vidonge vidogo vya mgongo, vimefungwa kwa karatasi bila jina. Vimemsaidia, hata uso umejaa. Avitupe?

Asivitupe kabla ya kumwona daktari. Nitaeleza kwa kirefu, maana hapa watu hupoteza maisha.

Maumivu yakiondoka haraka na uso ukavimba hivyo, nashuku ni prednisoloni au deksamethasoni, dawa za steroidi zinazoiga homoni ya mwili iitwayo kotisoli. Majirani watamsifu kwamba amenawiri, kumbe ni dawa. Juu ya kila figo pameketi tezi ndogo iitwayo adrenali. Tezi hizo mbili hutengeneza kotisoli, homoni inayoshikilia presha na sukari, hasa mtu akiugua. Kidonge kimoja cha prednisoloni cha miligramu 5 kinakaribia kiasi cha kotisoli ambacho mwili hutengeneza kwa siku nzima. Mtu akimeza viwili vitatu kila siku kwa wiki kadhaa, tezi huona kazi inafanywa na mwingine, zinalala. Akiacha ghafla, haziamki papo hapo. Mzee hulegea, hutapika, presha hushuka, huzimia. Na nyumbani watu hudhani ni malaria. Mkiona hivyo, mkimbizeni hospitali siku hiyo hiyo na mtaje vile vidonge.

Daktari ndiye atakayepunguza dozi kidogo kidogo, pengine kwa miezi. Pimeni sukari pia, kwani dawa hizi huipandisha, na mifupa nayo hudhoofika.

Dawa ya mafua inawezaje kumfungia mzee mkojo?

Tezi dume hukua kadiri umri unavyosonga na kubana njia ya mkojo. Piriton, dawa ya mafua na mzio, hulegeza msuli wa kibofu unaousukuma mkojo nje. Njia imebana, msuli umelegea: mkojo unakwama. Dawa hiyo pia hukausha mate na kumchanganya mzee akili usiku. Mkojo ukikwama kabisa, msingoje asubuhi.

Dani (nyanya yetu) hujifunika blanketi mchana, na joto la hapa tunalijua. Ni uzee tu?

Msiseme uzee kabla ya kupima damu. Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, ikipungua nguvu, mtu husikia baridi, hufunga choo, husahau na hulala sana. Dalili hizo hufanana mno na uzee, ndiyo sababu hupuuzwa. Akipewa levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi hiyo, ameze kwa maji kabla ya kula, kisha angoje nusu saa hadi saa moja ndipo anywe chai. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu vikae mbali nayo kwa saa nne.

Na ini?

Hupungua ukubwa, na damu inayolipitia hupungua pia. Parasetamoli isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku kwa mtu mzima. Kwa mzee mwembamba au mnywaji wa chang'aa, kiasi kiwe kidogo zaidi, na aambiwe na daktari.

Tukija kliniki tulete nini?

Mfuko wenye kila kitu anachomeza: za hospitali, za dukani, mitishamba ndani ya chupa yake, na zile alizoazimwa na jirani. Msione haya kuzitoa. Sitamgombeza mzee mbele yenu.